Pua ya Mzee Semdoe

Watano wa Mungu hawana mdogo. Mmelisikia neno hilo leo, wanangu, na mmeuliza lilitoka wapi. Basi lilianzia kwenye swali la jirani.

Bi Chausiku, mwanamke asiyeweza kumenya hata kitunguu kimoja akiwa kimya, aliuliza barazani kwa Mzee Semdoe, mbele ya watu waliokuja kusaidia maandalizi ya harusi: "Jamani, Mungu amekupa watumishi watano: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Akikwambia umrudishie mmoja, utamrudishia yupi?"

Watu wakaguna. Lakini Mzee Semdoe hakufikiri hata kidogo. Binti yake Mwanaidi alikuwa anaolewa Ijumaa ile, na furaha ilikuwa imempa ulimi mwepesi.

"Mimi narudisha pua," akasema. "Macho yananionyesha njia, masikio yananiletea adhana. Pua ndiye mdogo wao. Kazi yake ni kuniletea habari za vikwapa vya watu."

Wakacheka, na maneno yangeishia hapo kama Mihambo asingekuwapo. Mihambo alikuwa Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwa Mzigua kama Mzee Semdoe ni mtani. Mtani akilidaka neno lako, si lako tena.

"Umeitoa, mzee?"

"Nimeitoa."

"Mmesikia wote. Basi mimi naipokea." Akanyofoa pamba kwenye mto uliotatuka, akaiviringa, akaziba matundu yote mawili. "Ukiitaka, ikomboe kwa jogoo. Ukiichomoa pamba kwa siri, tutakuimba mpaka Pangani."

"Na udhu je?" akauliza Bi Mwantumu, mke wa mzee. "Atapandishaje maji puani?"

"Kwa udhu aitoe, huko huko msikitini. Mimi ni mtani, lakini ni Muislamu mwenzake. Akimaliza airudishe."

Jogoo walikuwapo tele. Ila mzee aliona kwamba kumkabidhi Mihambo jogoo ni kukiri kuwa pua ina thamani. Akakaa na pamba yake, akisema king'ong'o, hata watoto wakawa wanamwiga.

Ijumaa asubuhi akaenda gulioni kununua samli ya pilau. Sasa jueni, samli hununuliwa kwa pua. Kibuyu kinafunguliwa, mnunuzi anainama, ananusa, ndipo wanaanza kuzungumza bei.

"Nusa, baba," akasema mama aliyekuwa akiuza.

Mzee akaona haya kusema kuwa pua yake iko rehani. Akachungulia, akaona manjano mazuri. Akatikisa, akasikia kibuyu kimejaa. Akachovya kidole, akahisi ulaini. Akalamba, na ulimi ukamwambia ni mafuta, mengine ukanyamaza. "Wanne wametosha," akajisemea, akalipa. Yule mama akamtazama kwa mshangao, lakini mtu akishalipa, muuzaji aseme nini?

Nyumbani nyama ilikuwa imeiva, mchele umeoshwa. Bi Mwantumu akafungua kibuyu. Wanawake waliokuwa jikoni wakatoka nje mbio, mmoja na mwiko mkononi.

"Baba Mwanaidi! Umetuletea nini?"

"Samli safi. Itazame rangi yake."

"Rangi! Wakwe zetu watakula rangi? Samli imechacha hii, hata mbwa hainusi mara mbili!"

Gulio lilikuwa limeshavunjika, na vigelegele vya upande wa bwana harusi vilisikika ng'ambo ya mto. Wali wa maji, usio na mafuta, mbele ya wakwe! Mwanaidi angeitwa binti wa wali wa maji huko alikokuwa akienda, mpaka uzeeni. Mzee akaketi juu ya kinu.

"Mihambo," akaita, "nipe pua yangu. Chukua jogoo yule."

"Jogoo ilikuwa juzi, mzee. Leo pua imepanda. Nataka kondoo."

Kondoo alikuwa mmoja tu, wa mkia mnene wa mafuta, aliyemlea kwa mkono wake. Mzee akamwangalia, kisha akasema, "Mchukue."

Akachomoa pamba. Uvundo wa samli ukamtoa machozi. Nyuma yake ikaja harufu ya bizari, kisha ya marashi kutoka chumba alimokuwa akipambwa mwanawe. Siku zote zile hakujua kuwa nyumba yake inanukia harusi.

"Astaghfirullah," akasema. "Nilimwita mdogo. Kumbe alipofungwa yeye, ulimi ukawa bubu, na macho yakadanganyika."

Mihambo alikuwa amekwisha kumvuta kondoo nyuma ya nyumba. Mali aliyoshinda mtani haiombwi, hivyo hakuna aliyefungua kinywa, ingawa kila mtu alikuwa akiufikiria ule mkia.

Muda si muda akarudi na sinia. Juu yake ulikuwa mkia mzima, umechunwa, mafuta meupe. Akauweka mbele ya Bi Mwantumu.

Mkia ukakatwakatwa, ukayeyushwa, vitunguu vikaingia, mchele ukafuata. Harufu ya pilau ikatoka jikoni, ikapita uani, ikawalaki wakwe kabla hawajafika mlangoni. Mzee Semdoe alisimama ameinua uso, akaivuta mpaka kifua kikajaa.

"Watano wa Mungu," akasema, "hawana mdogo."

Wote wakamgeukia Mihambo, maana mtani hakosi la kujibu. Mihambo akafuta kisu chake, akainamisha kichwa kwa heshima, akaenda kuwapokea wakwe.