Kisima Kilichoandikwa Safi

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, Nakunda alishika sufuria akamuuliza mumewe, "Baba Eliya, haya maji ya kisima kipya niyachemshe?"

"Ya nini? Majibu ya maabara yametoka safi. Au nawe umesomea afya ya mazingira?"

"Mimi nimeolewa nayo," alisema, akanywa.

Siku ya tatu kipindupindu kilimchukua.

Mumewe, Dakta Mbonea, ndiye mkuu wa idara ya chuo iliyokipima kisima, na ndiye aliyepanga masomo ya shahada ya afya ya mazingira. Baada ya matanga chuo kilimpa fomu: aliyesababisha kisima kiandikwe safi aondolewe chuoni, awe nani awaye. Nafasi ya jina ilikuwa moja. Irudishwe kesho.

Akawaita waliohusika.

Tumsifu, binti wa mwaka wa pili, ndiye aliyechota sampuli. "Mwalimu, chupa niliisuuza kwa klorini. Nilitaka iwe safi."

"Hukujua klorini ingeua vijidudu mlemle ndani ya chupa?"

"Ningejulia wapi? Mazoezi ya kisimani mmeyaweka mwaka wa pili. Somo la kupima maji liko mwaka wa tatu."

Somo lile alilisogeza Mbonea mwenyewe, ili somo la takwimu lipate nafasi.

Chambo, fundi wa maabara, akasema, "Mie nilifungua chupa, ikanuka klorini. Nikapima, nikaandika safi."

"Ukanusa, ukaandika?"

"Nilidhani kisima kimetiwa dawa."

"Ungeuliza, Chambo."

"Mwaka jana niliuliza, Daktari. Ukaniambia fundi hupima, msomi hufikiri."

Tumsifu aliitazama fomu. "Mimi ndiye mdogo hapa. Nikiondolewa, nyumbani hawana uwezo wa kunisomesha tena."

"Sijaandika bado," alisema Mbonea.

Asubuhi iliyofuata alichemsha maji kwa sufuria ileile, akayaacha yapoe. Akafungua mpango wa masomo, akalirudisha somo la kupima maji mwaka wa pili, kabla ya mazoezi ya kisimani. Kisha akaandika jina moja kwenye fomu, akaikunja, akaipeleka.

Yupo aliyesuuza chupa bila kujua. Yupo aliyenusa akanyamaza. Yupo aliyetanguliza kisima, somo likafuata, kisha akamwambia mkewe asichemshe.

Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?