Ufunguo wa Lango la Kisima

Tajiri mmoja, Bwana Makungu, alikizungushia ukuta kisima cha mtaa mzima, akatia lango na kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni. Maji mengine yalikuwa mbali, ng'ambo ya mlima. Wanawake walipomsihi, alicheka.

"Mtu akilifungua lango hili bila kushika ufunguo wala kugusa kufuli," alisema mbele ya watu, "sitalifunga tena maisha yangu yote."

Bi Sihaba, mchonga funguo, akajitokeza. Alimtazama kifuani, akatikisa kichwa.

"Bwana Makungu, mbona umevaa ufunguo wa kabati?"

"Kabati gani? Huu ni wa lango!"

"Kazi yangu ni funguo, bwana. Wa lango huwa mfupi na mnene, wa kabati huwa mwembamba kama huo. Kuna mtu amekubadilishia ulipokuwa unaoga."

Watu wakaguna. Makungu akaugeuzageuza ufunguo, jasho likimtoka.

"Basi tazama, mwongo wee!" Akautia kwenye kufuli, akauzungusha, akalisukuma lango mpaka likagonga ukuta. "Umeona? Ndio wenyewe!"

"Nimeona, bwana. Ndio wenyewe kabisa." Bi Sihaba akajitwika ndoo. "Akina mama, piteni. Lango li wazi, na mimi sijashika ufunguo wala kugusa kufuli."

"Lakini nimefungua mimi!" Makungu alifoka, huku ndoo zikimpita kulia na kushoto.

"Ndiyo, bwana. Kila lango na ufunguo wake, na wa hili ni wewe."