Stroberi Nyeupe za Mzee Shelukindo

Mtumie hii yule mwenye tabia ya kuchungulia dirishani akihesabu makosa ya jirani.

Huko Lushoto, mke wa Mzee Shelukindo, Bi Zaina, alikuwa mgonjwa. Mwezi mzima chakula hakikupita. Siku moja alisema, "Nikipata zile stroberi ndogo za mlimani nilizokula usichana wangu, labda hamu itarudi."

Jirani yao, Mama Ngoda, alisikia. Kesho yake akapitisha kwenye upenyo wa ua miche kumi na miwili, yote ina maua. Mzee akaipanda nyuma ya jiko.

Matunda yakatoka, madogo kama ncha ya kidole, meupe. Mzee akasubiri yawe mekundu. Lakini kila yakinenepa, asubuhi hayapo! Jana saba, leo manne.

"Nani anajua matunda haya yako hapa?" akajiuliza. "Aliyetoa miche. Ametoa kwa mkono wa kulia, anachukua kwa wa kushoto."

Tangu hapo hakutulia. Mama Ngoda akikohoa, mzee anasimama. Akicheka na wageni wake, mzee anajua anachekwa yeye. Akamwaga majivu kuzunguka miche ili anase nyayo. Kulipokucha, matunda mawili hayapo na majivu hayana hata alama. Mtu mwingine angejiuliza upya. Yeye akasema, "Kumbe anatumia fimbo ndefu kupitia upenyoni!" Akaziba upenyo kwa miiba.

Mama Ngoda akaita kutoka upande wa pili, "Baba, nina neno kuhusu zile stroberi."

"Neno lako kaa nalo!"

Mara tatu aliita, mara tatu alijibiwa hivyo.

"Mume wangu," Bi Zaina aliuliza kwa sauti iliyokwisha, "mbona Mama Ngoda haji tena kuniona?"

"Ana shughuli zake," alijibu, akageuzia uso ukutani.

Siku ya tisa uvumilivu ukamwishia. Akazunguka kwa njia kuu, akaingia kwa jirani bila hodi. Mezani palikuwa na bakuli limejaa stroberi nyeupe.

"Nimekukamata!"

Mama Ngoda hakushtuka. "Onja moja, baba."

Akaonja kwa hasira. Ilikuwa laini, tamu, yenye harufu iliyojaa pua.

"Aina hii haigeuki nyekundu," mama alisema. "Ikinenepa na kunukia, imeiva. Isipochumwa inaanguka yenyewe. Ndilo neno nililotaka kukwambia. Na bakuli hili ni la mgonjwa. Kila siku nachuma kwangu, kila siku nakuta miiba."

Mzee alirudi nyumbani na bakuli, akapiga magoti nyuma ya jiko na kufunua majani ambayo hakuwahi kuyagusa asije akaangusha maua. Stroberi zake zote zilikuwa pale chini, zimeoza, sisimizi wanazila. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jioni Bi Zaina alikula stroberi tano za bakuli lile. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akaomba uji.

"Nani kaleta hizi?" aliuliza.

Mzee alikuwa ameshachukua panga, anakwenda kuondoa miiba.

Funzo: Kabla ya kumwita jirani mwizi, msikilize kwanza. Miiba unayomwekea mwizi humzuia pia aliyekuletea msaada.