Mapipa ya Bwana Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mto, na mto ukatokwa povu. Haya, sogeeni, na anayesinzia apigwe kikumbo.

Hapo kale Bwana Kiboko alikuwa na kiwanda cha mkonge ukingoni mwa mto. Mashine zinalia chaka-chaka, chaka-chaka, singa, zile nyuzi nyeupe, zinaanikwa juani, na maji ya makapi yanamwagwa mtoni kwa mfereji, bwaaa! Mto ukawa wa kijani, ukanuka.

Mtoni, chini kidogo ya kiwanda maji yanakoelekea, aliishi Bi Chura. Masika ya kwanza alitaga mayai, yakaoza. Masika ya pili akataga, yakaoza. Masika ya tatu akataga, yakaoza, akalia mpaka sauti ikamkauka. Na kilio cha chura watu hukiita wimbo, hakuna anayemuuliza una nini.

Akaenda kwa Mzee Korongo, mtoa vibali wa mto mzima. Akasimama hatua tatu nyuma, maana Korongo ni mwenye haki, lakini pia ana mdomo.

"Shikamoo, Mzee. Bwana Kiboko anatumaliza."

"Marahaba. Mbona kibuyu kinasema maji ni safi?"

Utaratibu ulikuwa huo: kila mwaka mwenye kiwanda huleta kibuyu cha maji kikaguliwe. Kiboko naye alikijaza kwenye chemchemi, huko juu mtoni, kabla maji hayajafika kiwandani. Korongo akichungulia, anasema "Safi!", anachora alama kwenye gome la mti, na gome linaliwa na mchwa. Miaka tisa!

"Mzee, nipe mimi kazi ya kupokea taarifa," akasema Bi Chura. "Sisi vyura tumejaa mto mzima. Mwenye kiwanda aseme kila asubuhi, nasi tutapokezana mpaka kwako."

"Sawa, haya magome yamenichosha. Lakini nitashika maneno ya kinywa chake mwenyewe, si yako."

Bi Chura akarudi na mawazo tele. Mwizi gani atajitangaza? Akawaza, akawaza, kisha akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Bwana mkubwa. Vibali vya zamani vinafutwa. Nasikia mwenye kiwanda kikubwa kuliko vyote atapewa bonde zima."

"Huyo si ndiye mimi!"

"Nani atajua? Kibuyu kimoja kwa mwaka! Hata Panya ana kibuyu. Siku hizi kiwanda hupimwa kwa kinachotoka mferejini."

Kiboko akavimba kichwa. "Basi waambie, mapipa kumi ya makapi kwa siku!"

"Kumi, kroo!" akaita Bi Chura. "Kumi, kroo! Kumi, kroo!" wakapokezana vyura, bonde zima likasikia.

Kiboko akaona anasifiwa. Kesho yake: "Mapipa ishirini!" Ishirini, kroo! Kesho kutwa: "Arobaini! Na hakuna samaki anayeyastahimili!" Bi Chura aliyakumbuka mayai yake, lakini aliita kwa sauti ya harusini. Siku ya saba Kiboko akaufikia ukweli wenyewe: "Mapipa mia!" Mia, kroo!

Korongo akaja na wanyama wote.

"Bwana Kiboko, mapipa mia ni maneno yako?"

"Yangu! Kila pipa!"

Korongo akalivunja gome la kibali cha Kiboko la mwaka ule, kacha! "Mfereji unazibwa leo. Chimba mashimo ya kuchujia. Maji yatakayotoka, wa kwanza kuyanywa ni wewe."

"Lakini miaka tisa nimekuletea kibuyu safi!"

"Umeniletea," akasema Korongo, akiitazama miguu yake. "Nami, na miguu yote hii, sikuwahi kutembea mpaka mferejini."

Wanyama wakashangilia. Bi Chura hakushangilia. Masika matatu hayarudi. Masika yaliyofuata alitaga tena, akakaa kando ya mayai yake akiogopa hata kuyatazama, mpaka asubuhi moja mkia mmoja mweusi ukatikisika majini.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gaweni. Ikiwa chafu, nirudishieni niichuje.

Na funzo lake? Kiboko alidanganya miaka tisa, akanenepa. Alisema kweli siku moja, akazibiwa mfereji. Kwa hiyo, wanangu, semeni kweli daima: ina faida kubwa.