Fisi Mpimaji na Pua ya Mwana wa Sange

Hapo zamani za kale, wanangu, mwaka ule mito ilipokauka hata vyura wakasahau kuimba, Chui alitoa amri: kila apimwaye uani kwake akatimia kibaba cha nyama, harudi nyumbani.

Mpimaji alikuwa Fisi. Alikuwa na kamba yenye mafundo, na kanuni yake ilikuwa hii: kichwa ni tufe, kiwiliwili ni kipande cha mwanzi, pua iliyochongoka ni pia, kama ile wachezayo watoto. Ujira wake ulikuwa mifupa yote.

Asubuhi moja zamu ikamfikia mwana wa Sange, kinyama kidogo mfano wa panya, mwenye pua ndefu. Sange alisimama kando huku mwanawe, Kichele, akizungushiwa kamba.

"Kiwiliwili, nusu kibaba," akanadi Fisi. "Kichwa na miguu, robo. Pua, robo. Kibaba kamili! Haya, chunguni!"

"Hebu ngoja, Mzee Fisi!" Sange akaruka. "Pua umeipima shinani, ukaihesabu kama mwanzi. Kanuni yako mwenyewe yasema ni pia! Na pia tatu za unene na urefu uleule ndizo zijazazo mwanzi mmoja. Tia mchanga uone!"

"Lo! Kidude hiki kinanifunza kazi? Kamba ni yangu. Nikisema mwanzi, ni mwanzi."

Chui akapiga mwayo. "Nina njaa. Kibaba ni kibaba."

Sange akatambua kuwa pale haki haina mnunuzi. Akameza machozi, akapiga magoti.

"Basi, Bwana Chui, sibishi tena. Ila kwetu vichakani tu wengi. Nifundishwe kupima, nikachague waliotimia, nikuletee. Lakini kwa mwili mdogo kama wa mwanangu, kamba inanipwaya. Laiti ningepata mwili mkubwa, mzuri, wa kujifunzia..."

"Mwili mzuri?" Fisi akaangua kicheko. "Hii-hii-hiii! Utaupata wapi kuushinda huu?"

Akajinyoosha katikati ya ua, akavuta pumzi hata tumbo likawambika kama ngoma.

Sange akaishika kamba, akaanza. "Kichwa, pishi moja. Shingo, pishi mbili. Kiwiliwili..."

"Usinipunje, we!" Fisi akafoka. "Pitisha kamba penye unene!"

"Pishi nane, Mzee. Na miguu, pishi moja. Jumla pishi kumi na mbili, na kila pishi ni vibaba vinne. Bwana Chui, hivyo ni vibaba arubaini na vinane."

"Mmesikia?" Fisi akajigamba. "Arubaini na vinane!"

Chui alikuwa amekwisha kusimama. Macho yake hayakumtazama tena Kichele.

"Amepimwa uani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Uani, Bwana," akajibu Sange.

"Ametimia?"

"Ametimia, akazidi."

"Bwana wangu, mimi ni mpimaji wako, mimi—"

Kwaru! Fisi hakumaliza. Mifupa ikalia ka! ka! na kile kicheko hakikusikika tena.

Sange alimziba mwanawe macho. Chui alipoinamia mlo wake, yeye akaitafuna kamba, fundo baada ya fundo, mpaka ikawa makapi. Kisha akamshika Kichele mkono, wakatoka bila kushangilia. Nyama ile ingekwisha, na angani hapakuwa na wingu. Wakahama siku ile ile.

Ampimiaye mwenye njaa miili ya wenzake, asisahau kwamba naye ana mwili.