Zimwi Lililovaa Leso ya Mama Mize

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, wa nyuma sijawasikia.

Pakawa!

Haya. Kaeni, ila asinilalie mtu goti hili, linaniuma tangu asubuhi. Jua linakwenda zake nami nimechoka. Hadithi yenyewe ni ya mtu aliyechoka, basi tutakwenda nayo polepole.

Hapo zamani, katika mji wa Mkunguni, palikuwa na mwanamke akiitwa Mwanahawa. Jina hilo lilikuwa halitumiki tena tangu alipojifungua mtoto wa kwanza. Mumewe, Kombo, alimwita Mama Mize. Mama mkwe wake, Bi Kazija, alimwita mkaza mwana. Na watoto walimwita Mama, tena walimwita kutwa kucha.

Watoto walikuwa watatu. Mize alikuwa na miaka tisa, Faki mitano, na Bijuma alikuwa bado ananyonya.

Mwanahawa aliteka maji, akapika, akaosha. Akimaliza kuosha, huteka maji, hupika, huosha. Jioni akitaka kukaa, kabla hajagusa mkeka, husikia, "Mama, maji." Basi huinuka.

Watu wa Mkunguni walikuwa na desturi ya kuoga mwaka. Siku ya kwanza ya mwaka kila nyumba hushuka baharini, wakaoga uchovu na mikosi ya mwaka uliokwisha, wakala pamoja mchangani, wakarudi wepesi.

Basi mwaka huo Kombo akaazima mashua kwa rafiki yake, akamwambia mkewe, "Mama Mize, kesho tutaambaa na pwani mpaka Fungu la Kimya. Wewe hutagusa kitu. Kesho siku yako."

Mwanahawa akafurahi sana. Akalala akiwaza siku yake.

Siku yake ilianza jogoo wa kwanza. Akakanda unga wa mandazi. Akakuna nazi nne. Akapika wali, akapika pweza, akachemsha viazi. Akafunga mikeka, mitungi miwili ya maji, nguo za Bijuma, na chupa ya mafuta ya kukandia miguu ya Bi Kazija. Kombo alipoamka alijinyoosha, akasema, "Hali ya hewa imetukubali leo."

Wakapanda mashua. Jua lilikuwa limekunjuka, maji ya kijani kibichi, na pwani ikapita pembeni yao taratibu: mikoko, kisha mchanga mweupe, kisha vijumba na watoto waliowapungia mikono. Kombo alishika usukani, akaimba. Bi Kazija alikaa omoni, mbele ya mashua, penye upepo mzuri. Mashua ilikuwa inavuja kidogo, basi Mwanahawa alikaa chini na kifuu cha nazi, akichota maji na kuyamwaga nje, huku Bijuma yuko titini.

"Pazuri hapa," akasema Kombo.

"Pazuri," akajibu Mwanahawa. Kutoka pale chini aliona mbingu tu.

Wakafika Fungu la Kimya. Hicho ni kisiwa cha mchanga mtupu chenye jabali moja katikati. Maji yakitoka kinaonekana, maji yakijaa kinazama chote. Wote wakakimbilia majini kuoga mwaka, isipokuwa Mwanahawa, ambaye alitandika mikeka, akawasha moto wa kupashia pweza, akapanga sahani tano.

Nyuma ya jabali mtu akakohoa.

Sasa sikilizeni. Kwetu sisi, ukiwa na chakula na mtu akapita, husemi kitu kingine ila "karibu". Unasema hata hujamtazama. Naye mwenye adabu hujibu "starehe", akaenda zake. Ndivyo tulivyo, na hakuna anayedhurika.

Mwanahawa hakugeuka. Akasema, "Karibu."

"Nimekaribia," ikajibu sauti nzito.

Akageuka. Lilikuwa zimwi. Nywele zake mwani mtupu, kucha zake kama magamba ya kombe, na macho yake mapana kama vifuniko vya chungu.

Mwanahawa alitaka kupiga ukelele, akakosa nguvu. Akasema, "Wewe si mtu. Rudi ulikotoka."

"Umeshanikaribisha," likasema zimwi. "Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi. Nimekaa nyuma ya jabali hili miaka mingi nikingoja neno hilo, na wote wanaokuja hapa hutazama kwanza, wakaniona wakakimbia. Wewe hukutazama. Kwa nini?"

"Nimechoka," akasema Mwanahawa. Alipolisema neno hilo machozi yakamtoka, maana hakuna aliyewahi kumuuliza.

Zimwi likachuchumaa mbele yake. "Basi nipe leso yako. Mimi nitashika kazi zako, wewe ulale. Nikizimaliza zote kabla maji hayajafunika fungu, nafasi yako itakuwa yangu, na walio wako watakuwa wangu, nitawala mmoja mmoja. Nisipozimaliza, nitarudi baharini wala hutanisikia tena. Mpaka hapo wewe usiseme neno wala usinyanyuke."

Watoto, mtu aliyechoka husikia neno moja katika kumi. Mwanahawa alisikia "ulale". Akavua leso yake, akampa mgeni. Ati mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huyu alipewa jembe hata hajakalishwa.

Akajilaza kwenye kivuli cha jabali, akalala usingizi mzito.

Zimwi likajifunga leso. Halikubadilika hata kidogo. Mwani ulikuwa mwani, na kucha zilikuwa kucha. Basi Kombo na watoto wakatoka majini, Bi Kazija nyuma yao, wakakaa mkekani wakanyoosha sahani zao. Hakuna aliyeinua macho.

"Mama Mize, tia na mchuzi," akasema Kombo.

Likatia. Likakata viazi, likamchambulia Faki pweza, likambeba Bijuma. Likatembea huku na huku likiimba kwa furaha:

*Nachota, nafuta, napakua,*
*kesho nawatafuna, leo nawapakulia.*

Walipokwisha kula likaosha sahani nne, likapangusa mikono. "Nimemaliza," likasema.

"Mama, maji," akasema Faki.

Likaenda kuleta maji. Faki akanywa nusu, nusu akaimwaga mkekani. Likakausha mkeka. Bijuma akachafua nguo. Likafua. Nguo nyingine ikapeperuka, likaifukuza mpaka ncha ya fungu. Likarudi linahema, likaimba, lakini sauti imepungua:

*Nachota, nafuta, nafua,*
*kazi moja ikifa, mbili huzaliwa.*

"Nimemaliza," likasema.

"Mkaza mwana," akaita Bi Kazija, "njoo unikande miguu."

Likakanda mguu wa kulia, likakanda wa kushoto. Bi Kazija akasema wa kulia umerudi kuuma. Likakanda tena. "Leo una mikono ya nguvu," akasema bibi, akafumba macho. "Na sauti yako imekauka, kunywa tangawizi."

Wakati huo Mwanahawa alikuwa ameamka. Usingizi ulikuwa umemtoka, na akili imerudi. Sasa ndipo alipoyasikia vizuri maneno ya zimwi, yote kumi. Akataka kupiga kelele, ulimi ukawa mzito. Akataka kuinuka, miguu ikakataa.

Akatazama. Akamwona Kombo akipokea kikombe kutoka kwenye kucha zile. Akamwona Faki akijifuta pua kwenye leso, na mwani ukimgusa shavu. Watu wake wote walikuwa karibu na zimwi, na hakuna aliyelitazama usoni. Akajiuliza, "Kumbe hata mimi huwa hawanitazami?" Jambo hilo lilimuuma kuliko hofu yenyewe.

Maji yakaanza kujaa. Fungu likawa dogo.

Zimwi likakunja mikeka, likapakia mitungi, likazima moto. Likachota maji yote mashuani kwa kile kifuu mpaka mbao zikakauka. Likambembeleza Bijuma akalala. Likamvisha Faki nguo kavu. Lilikuwa linachechemea, mgongo umepinda, na wimbo wake ulikuwa kama wa mtu anayeumwa jino:

*Nachota, nafuta, nakunja,*
*ewe jua, mbona huchwi, nangoja.*

Likasimama katikati ya fungu, likatazama kulia na kushoto. Kombo alikuwa ameshiba. Bi Kazija alikuwa anasinzia mashuani. Faki alikuwa kimya. Bijuma alikuwa amelala. Hakuna aliyeita.

"Nimemaliza," likasema zimwi mara ya tatu.

Maji yakagusa vidole vya miguu ya Mwanahawa. Akaomba katika moyo wake mtu aite. Mwaka mzima alikuwa ameomba wanyamaze, na sasa aliomba mmoja tu aseme, "Mama, maji."

Kimya.

Zimwi likacheka, likaanza kujipapasa kucha, likamtazama Faki shingoni.

Mize alikuwa anapanga sahani ndani ya kikapu. Akaweka moja, akaweka ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano akaigeuza mkononi. Ilikuwa kavu, haina hata punje.

"Mama," akasema, "hii sahani yako. Hujala."

Zimwi likageuka. "Mimi sili wali."

"Toka asubuhi hujala," akasema Mize. "Wewe si ndiye unayepakulia watu wote? Mbona wewe mwenyewe, Mama, hujajipakulia?"

Zimwi likaenda kwenye chungu, likakikuta kitupu. Likatafuta ukoko, na Faki alikuwa ameshawarushia ndege. Likatazama mahali pa moto, na maji yalikuwa yamepita juu ya majivu. Mchele hakuna, kuni hakuna, na kazi moja ilikuwa imebaki, ya kumlisha mama mwenyewe. Katika zote lilizohesabu, hiyo halikuihesabu, maana hakuna nyumba inayoihesabu.

Likakaa chini majini, puu. Likaweka mikono kichwani.

"Kabla sijaja jabali hili nilikula watu wengi," likasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimeliwa mimi."

Likavua leso, likaitupa. Hapo ndipo Kombo alipoinua macho. Akaona mwani, akaona kucha, akaona ni nani aliyemtilia mchuzi. Kikombe kikamtoka mkononi. Zimwi halikumjali, likaingia baharini likichechemea, mgongo umepinda, na hakuna mtu wa Mkunguni aliyeliona tena.

"Subhanallah," akasema Bi Kazija kutoka mashuani, akiivuta miguu yake chini ya nguo.

Mwanahawa alikuwa amekaa chini ya jabali, maji magotini. Ulimi ulikuwa umefunguka. Kombo akaenda mbio, akamshika mkono. Akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akaona haya.

"Mwanahawa," akasema. "Tangu lini umekuwa hapa?"

"Tangu mchana," akasema yeye. "Na kabla ya hapo pia."

Kombo akambeba mpaka mashuani.

Wakatweka tanga wakarudi, jua bado liko juu ya mikoko. Bi Kazija akahama omoni bila kuambiwa, akampisha mkaza mwana wake mahali penye upepo. Kombo alishika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akashika kifuu, akachota maji. Mkono ukamuuma, akachota. Hakuimba.

Mize akatoa andazi moja alilokuwa amelificha kwenye upindo wa nguo yake tangu asubuhi ili ale peke yake. Lilikuwa limelowa chumvi. Akampa mama yake lote.

Mwanahawa akaanza kula. Akaiona pwani ile ambayo asubuhi hakuiona: mchanga mweupe, vijumba, watoto wanaopunga mikono. Akawapungia.

"Mama, maji," akasema Faki.

Mwanahawa akataka kuinuka, kwa mazoea tu. Mkono wa Bi Kazija ukamgusa bega, ukamkalisha. Kikongwe yule akapiga magoti kwenye mbao zilizolowa, akainamisha mtungi, akajaza kikombe.

"Njoo kwangu, mjukuu wangu," akasema. "Mama yako anakula."

Hadithi yangu imeishia hapo, nami pumzi zangu zimeishia papo hapo. Wahenga wamesema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kweli halikumalizi, lakini linakula. Basi msiogope tu zimwi la baharini. Mkifika nyumbani tazameni kwanza ni sahani ya nani iliyo kavu.

Sasa inukeni. Na mmoja wenu aniletee maji.