Hodi Tatu za Tunu

Hodi ya wote haina karibu. Mnacheka? Nyie mliozoea geti na kengele mtaielewa wapi! Haya, kaeni kitako niwaambie ilikotoka.

Hapa Tanga palikuwa na nyumba ya vyumba sita, wapangaji sita, ukumbi mmoja katikati na ua mmoja wa kupikia. Chumba cha mwisho alikaa Bi Zamina. Binti yake wa pekee, Tunu, aliondoka kwa ugomvi. Mama alimtamkia neno zito, akalijutia kabla jua halijatua. Akamngoja miaka sita. Nduguze walimwita akakae nao shamba, akakataa katakata.

"Tunu akirudi atanikuta wapi?"

Sasa, chumba cha mbele alipanga Kibibi, msusi. Kutwa mlangoni ni hodi, hodi, wateja wake. Wenzake masikio yalikwishaota sugu.

Alhamisi moja asubuhi wanawake wako uani, Bi Zamina amekalia mbuzi anakuna nazi. Hodi! Sauti nyembamba, ya mtu mgonjwa.

"Kibibi, wateja hao!" akasema Bi Zamina kwa sauti, wala hakuinua kichwa.

Kumbe Kibibi yuko sokoni. Hodi ya pili. Kila mmoja akamtegea mwenzake. Ya tatu. Kisha kimya. Nanyi mnajua, muungwana hapigi hodi ya nne.

Adhuhuri Bi Zamina akavuka barabara kununua makaa kwa Mzee Shekue.

"Yule binti mmemfanyani?" mzee akauliza. "Kapiga hodi tatu, kisha kakaa barazani analia. Namuuliza una nini, ananiambia, 'Sauti ya mama naisikia humo ndani, babu. Hataki tu kuniitikia.' Kaenda zake."

"Binti gani?"

"Ana kidoti shavuni. Anakohoa, maskini."

Lahaula! Bi Zamina alikimbia peku mpaka stendi, kanga ikamwanguka njiani asiitazame. Mabasi yalikwishaondoka.

Tangu hapo, hodi yoyote ikipigwa, yeye ndiye wa kwanza mlangoni: "Karibu mwanangu, karibu!" Anamkuta muuza samaki. Wenzake waliona haya hata kumtazama usoni.

Baada ya miezi mitatu habari ikaja: Tunu amezikwa Korogwe, na watu baki.

Wapangaji wote wakajaa chumbani kwake, wanalia, wanaomba radhi. Bi Zamina hakumlaumu mtu.

"Nilimsikia, jamani," alisema. "Tulimsikia sote. Hodi ya wote haina karibu."